Akikanyaga Breki Zinazimika

Jumanne, 4 Machi

Mvua imeanza, na gari la kaka limeletwa. Polisi wamemaliza picha zao wakaturuhusu tulivute. Sasa limekaa uani mwa gereji yangu chini ya bati. Nyuma kumebonyea upande wa kulia mpaka taa imezama ndani ya buti. Kushoto kuko salama, hata kioo chekundu hakijapasuka.

Fundi bodi wa jirani, huyu tunayemwita Nyundo, alilizunguka mara mbili akicheka peke yake. "Bibi kizee huyu hafi leo wala kesho. Nipe wiki nne nimnyooshe mgongo, kisha wewe umtie macho."

Macho ndiyo kazi yangu. Ni mwaka wa kumi na tisa huu nafunga umeme wa magari. Kaka alinipigia simu kutoka kitandani kwake. "Waya zote za nyuma zifunge upya, mdogo wangu. Funga kama ulivyofunga mara ile."

Kama mara ile. Maneno hayo nimeyarudia kichwani siku nzima.

Jumatano, 5 Machi

Nimefika gereji kabla ya watu wote. Naandika kwa sababu nina jambo na sina wa kumwambia. Daftari litakaa kwenye kasha la balbu mbovu, hakuna anayefukua humo.

Mwezi wa Januari kaka alilipaka gari rangi mpya, lote, hadi ndani ya buti. Gari lenyewe ni la zamani, halikuwa na indiketa. Lilikuwa na vijiti viwili vinavyochomoza ubavuni kuonyesha linakokata kona, na vyote viwili vilishakufa zamani. Akaniomba nimfungie taa mpya za nyuma na indiketa nne. Kazi ilichukua siku mbili. Siku ya pili wingu lilikuwa limefunga, naye amesimama mlangoni na funguo kidoleni: "Bado tu? Mwenzio nina safari!"

Umeme wa gari una njia ya kwenda na njia ya kurudi. Njia ya kurudi ni bati lenyewe la gari: unakaza waya kwenye bolti, bolti inashika bati. Lakini rangi haipitishi umeme, kwa hiyo lazima uikwangue kwa msasa mpaka chuma king'ae. Na sisi mafundi, tunapojaribu taa, tuna mtindo wetu. Tunatumia waya wa kuazima, waya mrefu wenye vibanio ncha zote mbili: huku unabana kwenye taa, huku kwenye betri, umeme unarudi kwa njia hiyo ya muda. Siku ile nilijaribu hivyo. Breki iliwaka, indiketa zikapepesa vizuri. Nikachomoa waya wangu wa kuazima, nikakaza waya wa kurudishia wa taa zote mbili kwenye bolti moja, ya kushoto ndani ya buti. Kaka akawasha, taa nyekundu zikawaka, akaondoka. Breki sikujaribu tena.

Haikupita saa moja na nusu, lori likamgonga nyuma kwenye mvua. Nyonga ilivunjika mahali pawili.

Nakumbuka kukaza bolti. Msasa siukumbuki. Nimejaribu kuuona mkono wangu ukiwa na msasa, hauji.

Jumatatu, 10 Machi

Mvua. Nyundo anagonga. Sijafungua buti.

Ijumaa, 14 Machi

Mvua. Sijafungua.

Jumapili, 16 Machi

Nilikwenda kumwona kaka. Sasa anakaa kwenye kiti chenye mito miwili, anasimama kwa magongo. Wifi alinivutia ndani kabla sijavua viatu.

"Wifi, njoo ucheke. Alhamisi nilikuwa mahakamani, kesi ya yule dereva wa lori imetajwa. Unajua anajitetea vipi? Eti gari la mbele yake lilikuwa na taa vizuri tu, amelifuata dakika kumi nzima. Eti mume wangu alipokanyaga breki, taa zikazimika!"

"Zikazimika?" nikauliza.

"Zikazimika, wifi! Watu walivunjika mbavu. Hata askari wa mlangoni aligeukia ukutani asionekane meno."

Kaka alicheka mpaka akajishika nyonga. "Huyo hata uongo hajui. Breki inawasha taa, haizimi! Angesema tu zilikuwa mbovu, mtu angemfikiria." Akafuta machozi. "Wataniita kutoa ushahidi. Nitawaambia jambo moja tu: taa zile kafunga dadangu. Atakayetaka kuuliza zaidi akaulize gereji zote za mji huu."

Na mimi nikacheka. Nilijisikia nikicheka, nikatamani mtu anizibe mdomo.

Kwa sababu dereva yule hadanganyi. Umeme ukikosa njia ya kurudi haukai kimya, unatafuta uchochoro. Katika gari la kaka uchochoro huo ni zile indiketa nilizofunga mimi mwenyewe. Taa nyekundu za nyuma ni ndogo, umeme wake unajipenyeza humo, nazo zinawaka kama kawaida. Huwezi kujua. Lakini mtu akikanyaga breki, balbu kubwa za breki nazo zinakimbilia uchochoro uleule. Zinabanana, hakuna inayopita vizuri, zote zinafifia. Kwenye mvua, kwa mtu aliye nyuma, zimezimika.

Jambo hilo halitungiki. Ama uwe fundi wa umeme, ama uwe umeliona kwa macho yako.

Jumanne, 25 Machi

Nyundo amelinyoosha bati lote la nyuma kabla ya wiki zake nne, na kazi yake ni safi. Leo nilimkuta ameinama ndani ya buti na spana. Anataka kung'oa bolti zote apulizie rangi.

"Usiguse kushoto!" Nilipiga kelele mpaka mama muuza chai akageuka.

Nyundo aliinuka polepole. "Kuna nini kushoto? Umeficha mikufu?"

Nikasema kushoto hakukuumia, rangi isipotee bure. Alinitazama, akachukua spana yake akaenda zake. Na kweli, kwa nini nilimkataza? Angeing'oa tu bolti ile, akapuliza rangi, mambo yangeishia hapo. Sijui kama nailinda au naiogopa.

Jumamosi, 5 Aprili

Barabara ya chini imekatika kwa maji. Kesi imeahirishwa hadi tarehe 20 Mei. Nilipumua, kisha nikaona aibu, maana yuko mtu atakayelala mahabusu mpaka siku hiyo.

Alhamisi, 10 Aprili

Leo sitaisahau.

Alikuja mwanamke, umri wake kama wangu, viatu vimejaa tope, ameshika mwavuli uliovunjika ubavu mmoja. Nilidhani ana gari barabarani.

"Habari za kazi, fundi. Sina gari. Nina swali tu, kama hutajali."

"Karibu. Uliza."

Akatafuta pa kuegemea, akaegemea gari la kaka, lililofunikwa turubai.

"Inawezekana taa za nyuma za gari zizimike mtu akikanyaga breki?"

Alisema mumewe ni dereva wa lori, yuko ndani tangu Januari. Yeye ni mshonaji. Kila siku akifunga cherehani anapita gereji moja kuuliza swali hilo. Kumi na moja zimemcheka. Fundi mmoja alimwambia ampeleke mumewe akapimwe akili.

"Mume wangu si mtu wa maneno," akasema. "Akijaribu kudanganya hata hafiki mwisho, anaanza kucheka mwenyewe. Lakini hili amelirudia miezi mitatu, halijabadilika hata neno. Ndiyo maana nauliza. Wewe umewahi kuona?"

Kiganja chake kilikuwa juu ya turubai, chini yake kuna taa ya kushoto. Nilikiangalia kiganja kile.

"Sijawahi kuona," nikasema.

"Hata kusikia?"

"Hata kusikia."

Akaitikia kwa kichwa. Akaufungua mwavuli wake, akajaribu kuunyoosha ule ubavu, ukagoma. Alipofika getini akageuka. "Asante, dada. Wewe angalau hukunicheka."

Nilikwenda nyuma ya stoo nikatapika.

Nyundo alikuja na maji ya kunawa. Hakuwa na mzaha usoni. "Mbona umemjibu vile? Mwaka juzi si ulitengeneza pikapu ya muuza mbao, ilikuwa na ugonjwa huohuo? Uliniita nije nione, ukanieleza mpaka nikaelewa, na mimi kichwa changu unakijua."

"Nilisahau."

"Ulisahau," akasema. Kisha akalitazama turubai, muda mrefu kidogo kuliko nilivyoweza kuvumilia. Sasa namwogopa Nyundo, mtu ambaye tumegawana chai miaka tisa.

Ijumaa, 11 Aprili

Naogopa geti. Kila linapolia nadhani amerudi.

Alhamisi, 17 Aprili

Nikitembea barabarani naangalia migongo ya magari. Kila dereva akikanyaga breki nashika pumzi mpaka nyekundu itokee. Leo nilisimama kwenye makutano muda mrefu, mvua inaninyea, mpaka mtu akaniuliza nimepotea.

Jumatano, 23 Aprili

Kaka alikuja na teksi, magongo mawili, tabasamu kubwa. Ni mara yake ya kwanza kutoka nyumbani bila kwenda hospitali. Alilipapasa gari kama mtu anayemkagua mtoto aliyerudi kutoka shule. "Sasa fungua buti nione ulipofikia."

"Ufunguo wa buti sijui umekwenda wapi, kaka."

"We na funguo!" Akacheka. "Tangu utotoni. Haya, lakini nataka kwenda mahakamani na gari hili hili. Lipite mbele ya yule mwongo likiwaka taa zote."

Ufunguo ulikuwa mfukoni mwangu, na alipokuwa akiongea niliufinya mpaka ukaniachia alama kwenye kiganja.

Jumatatu, 28 Aprili

Nimefungua.

Nilingoja Nyundo aende kutafuta rangi. Nikapanda ndani ya buti na tochi na spana namba kumi. Bolti ilikuwa imekaza sana. Nilikaza vizuri, hilo siwezi kujilaumu. Ikatoka. Nikasogeza waya pembeni, nikamulika.

Rangi nzima. Rangi ya kaka, laini kama sahani, ina alama ya duara pale bolti ilipokaa na basi. Hakuna hata mkwaruzo mmoja. Sikushika msasa siku ile. Nilimsikia akisema bado tu, bado tu, nikakaza.

Nikabaki nimekaa humohumo ndani ya buti.

Msasa ulikuwa kwenye kisanduku changu, karibu na goti. Niliuchukua. Kusugua mara nne tu, na kazi hiyo ndiyo niliyoagizwa, kufunga upya. Hakuna ambaye angejua. Polisi hawakupiga picha chini ya bolti. Kaka angeendesha gari zima, wifi angeendelea kunipakulia, na mimi ningeendelea kuwa yule fundi asiyeulizwa. Nilikaa na msasa ule mpaka ukalowa jasho ukaanza kumomonyoka vidoleni.

Nilimfikiria yule mama akinyoosha mwavuli wake. Alinishukuru. Nikakaza bolti juu ya rangi, kama ilivyokuwa.

Nyundo aliporudi nilimwambia yote. Nilitegemea anikaripie. Akasema, "Unataka nikanyage mimi breki, siku utakayomwonyesha?"

Jumamosi, 3 Mei

Wiki nzima nimefunga taa ya kulia na kurudisha waya kila mmoja mahali pake pa zamani. Leo nikamwita kaka na wifi. Niliwaambia waje kuona taa. Hapo sikudanganya.

Ilikuwa saa tisa alasiri lakini wingu lilifanya kiza. Kaka nilimweka kwenye kigoda nyuma ya gari, hatua kumi, wifi amemshikia mwavuli. Nyundo alikuwa kwenye usukani.

"Kaka, niambie unachoona."

"Zinawaka. Safi kabisa!"

"Nyundo, kanyaga."

Taa zikafifia. Zilibaki nyuzi mbili hafifu ndani ya vioo, na mvua ikazimeza hizo pia.

Kaka aliinama mbele kwenye kigoda. Wifi ndiye aliyecheka kidogo. "Wifi, bado hujamaliza? Itakuwa fyuzi."

"Achia," kaka akasema. Zikawaka. "Kanyaga." Zikazimika. "Achia. Kanyaga." Alirudia hivyo mara tano, sauti ikizidi kushuka, na Nyundo akatii kila mara bila kugeuka.

Kisha akaniuliza, macho yakiwa bado kwenye taa, "Hii umeifunga juzi, au ni ile?"

"Ni ile, kaka. Nilikaza waya juu ya rangi. Sikukwangua. Niliifungua Jumatatu nikaona, nikairudisha vilevile ili uone."

"Ulijua lini?"

"Niliogopa tangu ulipolazwa. Nilijua tangu siku wifi alipotusimulia maneno ya dereva."

Wifi alishusha mwavuli bila kujua, mvua ikamwangukia kaka kichwani. "Umekuwa ukija kwangu," akasema. "Kila Jumapili. Unakaa naye, unamnywesha dawa."

"Ndiyo, wifi."

Kaka alijaribu kusimama mwenyewe, gongo likateleza kwenye matope. Nilimkimbilia. Akainua mkono kunizuia, hakuniangalia. Nyundo ndiye aliyemshika kwapa akampeleka mpaka kwenye teksi.

Jumapili, 4 Mei

Napiga simu, hawapokei.

Alhamisi, 8 Mei

Nimemtafuta mshonaji siku mbili, nikamkuta kwenye kibaraza chenye cherehani tatu. Nilimwambia nikiwa nimesimama, maana nilijua nikikaa sitamaliza. Gari ni la kaka. Taa nilifunga mimi. Mumeo alisema kweli, na siku ile ulipokuja nilijua.

Aliacha cherehani ikajizungukia mpaka ikasimama yenyewe. Nilitegemea kofi, na nilikuwa tayari kwa hilo.

"Nilikushukuru," akasema.

Akararua kipande cha karatasi ya kukatia nguo, akaandika jina la mtaa na namba ya wakili wao, akanipa. Akarudi kushona. Mshono ulikwenda upande.

Ijumaa, 9 Mei

Wakili ni kijana mwenye koti kubwa kuliko yeye. Alikuja na fundi mwingine, wakapiga picha za bolti na rangi, wakajaribu breki. Kisha akaniambia wazi: nikisema haya mahakamani, huenda nikashtakiwa mimi. "Una siku kumi za kufikiri, mama."

Kufikiri nimeshafikiri. Nimebakiza kuogopa.

Jumatano, 14 Mei

Wateja wawili wamekuja kuchukua magari yao kabla hayajakamilika. Habari imefika. Mmoja aliniomba radhi, akaniongezea uchungu.

Jumanne, 20 Mei

Jua limetoka, la kwanza baada ya siku nyingi.

Mashahidi hukaa nje mpaka waitwe. Niliwekwa kwenye benchi la korido, chini ya dirisha lililo wazi. Kaka aliitwa kwanza, shahidi wa upande wa mashtaka. Alinipita na magongo yake, wifi nyuma yake. Hatukusalimiana.

Nilimsikia mwendesha mashtaka akimuuliza, "Siku ya ajali, taa za nyuma za gari lako zilikuwa nzima?"

Nilijua jibu aliloliandaa tangu Machi. Nilishika benchi kwa mikono yote miwili.

"Mheshimiwa, siku ile nilikuwa mbele kwenye usukani, taa za nyuma sikuziona," kaka akasema. "Nimeziona mwezi huu. Nilikaa nyuma ya gari langu kwenye kigoda. Fundi alikanyaga breki mara sita. Mara zote sita taa zilizimika. Kama huyu bwana alivyosema."

Hakuna aliyecheka.

"Nani alizifunga?"

"Atawaambia mwenyewe. Yuko nje."

Shahidi wa upande wa utetezi nilikuwa mimi peke yangu, wakaniita jua likiwa utosini. Dereva ni mtu mfupi, shati lake limepigwa pasi vizuri. Nilitoa maelezo yangu kuhusu rangi, bolti, msasa na waya wa kuazima. Hakimu aliniuliza kama nafahamu uzito wa ninayoyasema. Nikasema nafahamu. Dereva akapewa dhamana leo hii, hukumu wiki ijayo. Mshonaji alimshika mkono mumewe wakapita mbele yangu, na hakugeuza shingo. Askari akaniandikia karatasi: Alhamisi saa tatu nikatoe maelezo kituoni.

Kaka alinikuta mwisho wa korido. Alimwambia wifi atangulie. Nilifungua mdomo kumshukuru, akanikatiza.

"Usinielewe vibaya. Sikusema kwa ajili yako."

"Najua, kaka."

"Msasa ulisahau, na mimi ndiye niliyekuharakisha. Hilo nyonga yangu italibeba." Alikuwa akihema kwa kusimama muda mrefu. "Lakini siku ile kwangu, nilipomcheka yule mtu, wewe ulijua. Na ukacheka na mimi."

Nikamtazama akishuka ngazi moja moja, gongo kwanza, kisha mguu. Sikuthubutu kumshika.